Mabenchi ya Kanisa Sebuleni kwa Mwalimu Rosaline

Katika simu ya Mathenge, namba ya Mwalimu Rosaline ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la "Mbao Kiminini". Aliiandika hivyo mwezi wa Julai, akiwa ameketi peke yake nyuma ya karakana, baada ya mwalimu huyo kumpigia mara tatu asubuhi moja. Alijua kwamba mkewe, Emmy, akiitupia jicho simu ikilia mezani, atadhani ni muuza mbao tu wa mji wa Kiminini anayetaka pesa zake. Fundi wa viti kudaiwa na muuza mbao halikuwa jambo la kuulizia.

Basi Jumanne moja ya Septemba, Mathenge akiwa anaoga kwenye bafu la nje mwishoni mwa ploti, simu ililia, ikakatika, ikalia tena. Emmy, ambaye mimba yake ilikuwa mwezi wa nane, alijiinua kutoka kitandani na kuipokea ili amwambie huyo wa mbao asubiri kidogo.

"Mathenge," sauti ya mwanamke mzima ilisema taratibu, kila neno likitamkwa hadi mwisho wake. "Leo umeshika. Asante."

Emmy aliitambua sauti ile hata kabla ya kukumbuka ni ya nani. Ndiyo iliyomsomea imla alipokuwa darasa la sita kule Bumula.

"Mwalimu? Ni mimi Emmy. Nakhungu wa mzee Wepukhulu."

Mwalimu akasema, "Mama, sikutaka kukusumbua wewe. Nasikia uko mzito. Mwambie tu bwana yako, naomba kujua kama viti vyangu viko."

Mathenge aliporudi na taulo shingoni, alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani.

"Mbao ya Kiminini inauliza viti vyake," Emmy akasema.

Mathenge alisimama pale mlangoni maji yakimtiririka mgongoni.

Dancan Mathenge alikuwa na miaka ishirini na tisa. Babu yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na kununua ekari chache nje ya mji wa Kitale, na sasa mama yake, Wahu, ndiye aliyekuwa akilima mahindi katika kipande kilichobaki. Mathenge hakupenda shamba. Alipomaliza shule alijifunza kutengeneza sofa kwa Gathii, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara, na baada ya miaka mitano mikono yake ikawa inajulikana. Alikuwa na jicho la kitambaa. Aliweza kukunja pembe ya mto wa kiti hata usione uzi umepita wapi.

Emmy alikuwa akisuka nywele katika saluni mbili tatu mjini, na hapo ndipo walipokutana. Mathenge alipokwenda Bumula kujitambulisha kwa wazazi wake, hakutaka kuonekana kijana wa jua kali, fundi maskini wa kando ya barabara. Alikodi gari la mtu, akashonewa suti, akajaza unga, sukari na mafuta kwenye buti. Mzee Wepukhulu, baba yake Emmy, mkulima wa miwa na mzee wa kanisa, hakuwa ameitisha kitu chochote kati ya hivyo. Alimpokea, akamkalisha, akamuuliza kazi yake, na aliposikia ni fundi akafurahi kwa moyo mweupe. Lakini gari, suti na sukari zilikuwa zimetoka kwenye mikopo ya simu, na mikopo ile ilizaa mingine. Mathenge alikopa kwa huyu amlipe yule, na yule akilipwa anamkopesha zaidi. Kwa miezi mingi alijiona mtu anayejua kupanga mambo.

Mimba ilipoingia mwezi wa pili, Emmy aliona damu. Daktari alimwambia aache kazi ya kusimama kutwa nzima. Pesa ya saluni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinunua chakula, ikakatika wiki ile ile. Kodi ya nyumba yao ya vyumba viwili ikalala mwezi mmoja, halafu wa pili. Watu wa mikopo wakaanza kumpigia Gathii pale karakana na kumwambia amwonye mtu wake.

Ndipo mwezi wa Mei mzee Wepukhulu alipompigia simu. Mwalimu Rosaline wa Kanduyi, nje ya mji wa Bungoma, aliyestaafu, alikuwa anataka seti ya viti vya watu saba. Binti yake angechumbiwa mwishoni mwa Julai na wageni wangekuja nyumbani. "Nimemwambia asiende dukani," mzee alisema. "Nimemwambia niko na mkwe. Usiniangushe."

Mathenge alikwenda Kanduyi, akapima sebule, akamwonyesha mwalimu vipande vya kitambaa, wakakubaliana shilingi elfu sabini. Mwalimu alimhesabia nusu papo hapo, noti alizozitoa katika bahasha ya kaki, na hakuitisha risiti. "Wewe ni wa Wepukhulu," alisema.

Zile elfu thelathini na tano zilikuwa za mbao, sponji na kitambaa. Hazikufika wiki mbili.

Asubuhi ile ya Septemba Emmy hakupiga kelele. Alimwambia avae nguo kwanza. Kisha akang'oa karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda ya ukutani, akaigeuza nyuma, akamwambia aketi.

"Fungua simu," alisema. "Nataka kuona yote. Usinifiche kitu, Dan, kwa sababu saa hii nikipata ingine nitaenda kwetu na sitarudi."

Mathenge alifungua, akamweleza pia juu ya ile nusu aliyopokea kwa mwalimu. Emmy alisoma jina la kila mkopo, naye Mathenge akataja kiasi, na Emmy akaandika. Ilikuwa mikopo saba. Katika ule wa tano sauti ya Mathenge ilikuwa imeshuka hata Emmy akamwambia aseme tena. Jambo lililomuumiza Mathenge si zile hesabu, kwa maana hesabu alizijua kichwani kama anavyojua vipimo vya kiti. Kilichomuumiza ni jinsi mkewe alivyokuwa akiandika, kwa mwandiko mzuri wa mtoto wa shule, bila kuinua uso.

"Pesa ya mwalimu ilienda wapi?"

"Kodi ya miezi miwili. Ile picha ya tumbo uliyopigwa. Hii mikopo tatu ya kwanza nikafunga, halafu nikafungua tena."

"Na ingine?"

"Ikaisha tu. Chakula."

Emmy alijumlisha. Alibaki na elfu nne zisizokuwa na mahali, akazitazama, akazizungushia duara.

"Elfu nne ya chakula?"

"Ndiyo," Mathenge akasema.

Aliogopa angeulizwa zaidi, lakini Emmy alikuwa amechoka. Alisema mambo mengine. Televisheni itauzwa. Gesi ikiisha haitajazwa, watapikia makaa. Vyumba viwili watavirudisha mwisho wa mwezi na kutafuta kimoja upande wa Kipsongo ambako kodi ni nusu. Yeye mwenyewe alikuwa amelipa bima ya hospitali kidogo kidogo tangu zamani kwa pesa za kusuka, kwa hivyo kujifungua kusimtie wasiwasi. Na watu wa mikopo, atawapigia yeye, mmoja mmoja, awaambie watalipwa kiasi gani kila wiki, na asiyetaka na afanye atakavyo.

"Na Jumamosi," alisema, "tunaenda Kanduyi."

"Acha niende peke yangu."

"Ulikuwa na miezi minne ya kwenda peke yako, hukuenda."

Jumamosi hiyo Mathenge alivaa shati la kazini kwa makusudi. Ile suti hakuweza hata kuitazama. Walifika kwa Mwalimu Rosaline saa nne asubuhi, na mzee Wepukhulu alikuwa ameshafika, maana Emmy alikuwa amempigia baba yake usiku uliotangulia bila kumwambia mumewe. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, kofia yake gotini.

Alikuwa amekaa kwenye benchi.

Mathenge aliingia, akaliona. Sebule ile aliyoipima mwezi wa Mei ilikuwa na viti vya zamani vya mbao vyenye mito ya kufuma. Sasa havikuwepo. Kulikuwa na mabenchi matatu marefu, ya rangi ya kahawia, na ubavuni mwa kila moja limeandikwa kwa rangi nyeupe jina la kanisa. Mwalimu aliwapa mikono, akawaambia waketi. Emmy alipewa kiti pekee cha plastiki chenye mgongo. Mathenge aliketi kwenye benchi, nalo likalia.

"Vile viti vyangu vya kwanza nilimpatia ndugu yangu," mwalimu alieleza, kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa maelezo. "Nilijua vyako viko njiani. Wageni walipokuja Julai, kanisa ikatusaidia na hizi. Walikaa vizuri tu. Nimeziweka kwa sababu nimekuwa nikingoja."

"Wageni wa binti?" Emmy aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hao hao. Wako na maneno yao, lakini watu husema tu."

Mzee Wepukhulu alikohoa. Hakumtazama mkwewe. "Mimi niliulizwa na wazee wenzangu kanisani," alisema, "hizo benchi zinafanya nini kwa mwalimu mpaka leo. Nikasema fundi amechelewa kitambaa. Nikasema hivyo mara mbili. Mara ya tatu nikanyamaza."

Mathenge alitamani angetukanwa. Matusi angeyajibu, au angeyanyamazia kiume. Upole huu haukuwa na pa kuushika. Alisema kwamba pesa aliitumia. Hakuiba kwa kupenda. Nyumba ilikuwa imembana, kodi, mikopo, mke mgonjwa.

Mwalimu Rosaline alikunja mikono mapajani, akamtazama Emmy tumboni, kisha akamtazama yeye. "Kijana, nikuulize kitu moja tu. Hiyo pesa yote ilienda kwa huyu mtoto na nyumba yake?"

Swali lile lilikuwa mlango, na mwalimu alikuwa ameufungua kwa hiari yake. Mathenge aliona kwamba angesema ndiyo, mambo yangekwisha. Mzee angepata neno la kwenda kuwaambia wazee wenzake, na mwalimu angesamehe, kwa sababu nani asiyesamehe pesa iliyookoa mimba? Emmy naye alikuwa akimtazama, akingoja aseme ndiyo.

"Si yote," Mathenge akasema.

Hakuna aliyemwuliza. Akaendelea mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye yale maandishi meupe ya benchi la mbele.

"Kulikuwa na harambee ya harusi ya rafiki yangu, Zachary. Watu wa mtaa walikuwa wengi. MC alikuwa anasoma jina na pesa kwa spika. Mwenye alikuwa mbele yangu alitoa elfu tatu. Mimi nilikuwa nimepanga mia tano. Waliposema jina langu nikatoa elfu nne. Ilikuwa ya Mwalimu. Ilikuwa bado kwa bahasha yake."

"Walikupigia makofi?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Alihisi shingo na masikio yakiwaka. Siku ile ya harambee alikuwa ametembea kurudi kwenye kiti chake polepole ili makofi yasiishe upesi. Hilo hakulisema, lakini alilikumbuka pale pale, na aibu yake ikawa mbili. Emmy aliinuka. Alijishika kiuno, akatoka nje, na kupitia dirishani Mathenge alimwona amesimama karibu na kamba ya nguo, amewapa mgongo. Lile duara kwenye karatasi ya kalenda sasa lilikuwa na jina.

Ndani, mzee Wepukhulu ndiye aliyeanza kusema.

"Niko na mbao," alisema. "Saiprasi. Nilipasua mwaka jana, ziko kwa stoo, zimekauka. Zilikuwa za kuezeka jikoni kwa mama yake Nakhungu. Jikoni inavuja, lakini imevuja siku nyingi."

"Baba, siwezi kuchukua hizo," Mathenge akasema.

"Sikukuuliza kama unaweza. Zitakuja hapa Jumatatu. Utazilipa na mbao zingine, si na maneno."

Mwalimu Rosaline akaongeza lake. Sponji na kitambaa atanunua mwenyewe, kwa ile nusu ya pili, na pesa haitapita mkononi mwa fundi. Na viti vitatengenezwa hapa, chini ya paa la uani, si Kitale. "Nataka nikiamka nisikie nyundo," alisema. Kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea mahindi, angelala humo.

Emmy hakurudi naye Kitale. Alikwenda Bumula na baba yake. Mathenge alirudi peke yake kufungasha vyombo, kuuza televisheni, kurudisha ufunguo wa vyumba viwili na kulipia kimoja kule Kipsongo. Alipomuaga Gathii alimweleza kila kitu, kwa kuwa alishaanza kusema ukweli, na Gathii akampa msumeno mzuri na kumwambia asiupoteze.

Alifanya kazi Kanduyi wiki tatu. Ua wa mwalimu haukuwa na ukuta, ni michongoma tu, na waliopita walimwona. Wengine walisimama. "Ndiwe yule fundi wa viti?" mwanamke mmoja wa kanisani alimwuliza siku ya pili, na Mathenge akajibu kwamba ndiye, akaendelea kupiga randa. Kuanzia siku hiyo alijua habari zake zilishatangulia kufika. Alianza kuamka mapema zaidi ili kazi ya kelele iishe kabla njia haijajaa watu, lakini mwalimu aligundua, akamwambia afanye kazi saa za watu wote.

Chakula chake kililetwa kwenye sahani yenye kifuniko, kama cha mgeni. Ugali, mboga za kienyeji, siku nyingine kuku. Hilo lilimtesa kuliko yule mwanamke wa michongomani. Siku moja alimwambia mwalimu asijisumbue, atakula kwenye kibanda cha barabarani.

"Utakula na pesa gani?" mwalimu aliuliza, bila ubaya wowote, na Mathenge akavuta sahani.

Kila jioni Emmy alimtumia ujumbe. Haukuwa na salamu. "Wa pili amekubali mia tano kwa wiki." "Wa nne amenitukana, nimemkatia, baadaye akapiga akakubali." "Televisheni uliuza ngapi." Mathenge alijibu kwa ukweli, na akijibu, hakuna kilichorudi mpaka kesho yake. Aliandika mara moja kwamba anasikitika. Ujumbe ule ulibaki bila jibu.

Alitengeneza viti vile kwa namna ambayo hakuwahi kutengeneza vingine. Mbao za saiprasi zilikuwa safi, zimekauka vizuri, na kila alipokata moja alifikiria jiko la mama mkwe wake, ambalo alikuwa ameliona siku ya kujitambulisha, mabati yake ya zamani yakiwa na matundu yanayopitisha jua hadi sakafuni. Mvua ilinyesha Kanduyi karibu kila alasiri. Ikianza, aliweka nyundo chini kidogo.

Siku ya kumi na tisa, akiwa amebakisha mito miwili, mzee Wepukhulu alipiga simu. Emmy alikuwa amejifungua asubuhi ile katika hospitali moja ya Bungoma mjini, wiki mbili kabla ya tarehe. Mtoto wa kike. Wote wazima. "Tulimpeleka alfajiri," mzee alisema. "Hakutaka upigiwe mapema."

Mathenge alinawa gundi mikononi, na haikutoka yote. Hakuwa na shilingi ya kununua hata khanga ya mtoto, na mwalimu alikuwa sokoni, na hata angekuwepo, Mathenge asingeomba. Alitembea kutoka Kanduyi mpaka mjini kwa miguu, mikono mitupu, akipita vibanda vinavyouza sabuni za watoto, na mabeseni ya plastiki ya rangi rangi yaliyopangwa nje.

Mlangoni mwa wodi alimkuta mama mkwe wake. Kwa desturi ya kwao Emmy, mama mkwe na mkwe hawapeani mikono wala hawatazamani sana, na Mathenge hakujua asimame wapi. Mama aligeuza uso pembeni. Alikuwa ameshika beseni lenye matambara yenye damu na maji. Aliliweka sakafuni katikati yao, akarudi nyuma hatua mbili.

"Bomba iko pale nyuma," alisema, akiuambia ukuta. "Sabuni iko ndani."

Mathenge alilichukua. Nyuma ya wodi kulikuwa na karo la saruji na wanawake sita au saba wakifua, mama na dada za waliozaa. Waliacha kuongea alipofika. Mmoja alisogea kumpa nafasi. Akainama akafua nguo za mkewe, kipande kwa kipande, maji yakibadilika rangi, na wanawake wale wakaanza tena kuongea, kwa Kibukusu, na kucheka kidogo. Hakujua kama wanamcheka yeye. Alifua mpaka maji yakawa meupe, akasuuza mara tatu, akaanika. Alipomaliza alisimama pale muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji, kwa sababu sasa hakukuwa na lingine la kufanya ila kuingia.

Emmy alikuwa amelala ubavu. Mtoto alikuwa amefungwa vizuri, uso tu ukionekana, mdogo, umekunjamana kwa hasira. Mathenge hakuomba kumshika. Alijitazama vidole vyenye gundi iliyokauka.

"Ataitwa Wahu," Emmy alisema. "Najua kwenu wa kwanza ni wa mama yako. Nimekubali."

"Asante."

"Viti vimefika wapi?"

"Nimebakisha mito mbili."

Emmy akamrekebisha mtoto kitambaa usoni. "Ile elfu nne, Dan. Bado sijamaliza nayo."

"Najua."

"Siku moja nitamaliza. Si leo."

"Sawa," alisema Mathenge, na akaketi kwenye ukingo wa kitanda pale alipoachiwa nafasi, ambapo palikuwa padogo.

Viti viliisha Alhamisi iliyofuata. Mwalimu Rosaline alikalia kila kimoja, akapapasa pembe za mito, akasema kazi ni nzuri, na vijana wa kanisa wakaja kuchukua mabenchi yao. Mathenge aliwasaidia kuyapakia mkokoteni. Mmoja wao alimshukuru, akidhani ni mtoto wa pale nyumbani.

Emmy na mtoto walikuja Kitale mwezi wa Novemba, kwenye chumba kimoja. Kulikuwa na pazia kati ya kitanda na jiko, na karatasi ya kalenda imebandikwa ukutani mahali ambapo mgeni yeyote angeiona. Mathenge aliomba mara moja iwekwe ndani ya kabati. Emmy alisema hapana. Ilipofika Krismasi, mikopo minne kati ya saba ilikuwa imekatwa kwa mstari. Mbao za jikoni alianza kuzilipa mwezi huo huo, vipande vitatu kwa mara moja, na mzee Wepukhulu alizipokea bila kuzihesabu mbele yake. Mama yake Mathenge alikuja kumwona mjukuu, akatazama chumba, akatazama ukutani. Akamwuliza mwanawe kwa Kikuyu kwa nini hakumwambia. Ukweli ni kwamba Mathenge alikwenda shambani kwake mara mbili mwezi wa Juni kuomba msaada, na mara zote mbili alimsaidia kupalilia, akarudi zake bila kutamka ombi.

Mwezi wa Januari uliingia ujumbe kutoka kwa Mwalimu Rosaline. Alikuwa amempatia mteja, karani mmoja wa Bungoma. "Lakini usichukue pesa yake kabla ya kumaliza," aliandika. Mathenge alimsomea Emmy ujumbe wote, pamoja na huo mstari wa mwisho.

"Utatoa wapi mbao?" Emmy aliuliza.

"Nitaomba Gathii. Nitamwambia ukweli."

Karani yule alikuwa kijana wa umri wake, Wakoli, mwenye nyumba mpya na mke mchanga. Walipokwisha kukubaliana bei, alitoa simu mfukoni. "Nikutumie nusu?"

"Hapana. Utalipa nikileta."

Wakoli alishangaa. "Mafundi wote wanaitisha. Wewe kwa nini hutaki?"

Mke wa Wakoli alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mathenge alihisi masikio yakianza kuwaka tena, kama yalivyowaka Kanduyi. Alitafuta neno fupi la kusema, la kweli lakini lisilo refu sana.

"Ni kitu ilinipata," akasema. Kisha akatoa futi yake ya chuma, akapiga goti, akaanza kupima ukuta kutoka dirishani.